Presha Si Kodi ya Uzee, na Kisii Ina Ushahidi wa Tangu 1929

Watu wangu, leo sina utani. Wale mmezoea kuja hapa kucheka na video zangu za makanga wa Keroka na mama mboga wa Daraja Mbili, mtanivumilia. Leo nimekuja kukiri kosa, halafu nibishane nanyi kidogo.

Mwaka jana niliweka video fupi, sekunde arobaini hivi. Kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, kijiko cha asali. Nikasema, "Kunywa hii kila asubuhi wiki mbili, presha itashuka yenyewe." Sikuwa nimesoma mahali popote. Nilisikia kwa mtu, nikaona inapendeza mbele ya kamera, nikaiweka. Ilitazamwa kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kuposti. Nilifurahi hadi nikawanunulia marafiki nyama choma.

Mmoja wa walioitazama ni nyanya yangu, Magokoro, kule Nyamira, ukipita Kebirigo kidogo. Yeye hana simu ya kutazama video. Binamu yangu ndiye alimwonyesha, akijivunia: "Ona mjukuu wako vile amekuwa daktari." Magokoro alikuwa amemeza vidonge vya presha miaka sita. Aliniamini mimi kuliko kliniki, kwa sababu mimi ni mochokoro wake na mimi ndiye niliyesoma. Akaacha vidonge. Hakumwambia mtu.

Miezi michache baadaye, asubuhi moja akijiandaa kwenda kuchuma majani chai, kikombe kilimponyoka. Mdomo ukaenda upande. Mkono wa kulia ukakataa kuinuka. Alipojaribu kuongea, maneno yakatoka kama ya mtu aliyelala.

Kabla hatujapata gari, hukumu mbili zilikuwa zishatolewa pale uani. Mzee mmoja jirani alisema, "Huo ni uzee tu. Mtu akifika umri huo lazima presha imuangushe." Mama mwingine, kwa sauti ya chini, akasema mkono wa mtu umo. Akataja na jina la mwanamke mwenye mkono wenyewe. Sitalirudia hapa.

Hospitalini muuguzi alipima: 198 kwa 112. Akatugeukia, "Mara ya mwisho alipimwa lini?" Tulikuwa watu saba pale. Kila mmoja wetu angeweza kukwambia betri ya simu yake imebaki asilimia ngapi. Kuhusu presha ya mama aliyetulea, hakuna aliyejua.

Magokoro yuko hai, namshukuru Mungu. Anatembea na fimbo. Video niliifuta, lakini kufuta ni rahisi. Kazi ilikuwa kujua ukweli ni upi. Nimesoma tangu wakati huo, na jambo lililonishangaza zaidi sikulipata Marekani wala Uchina. Lilianzia hapa hapa kwetu.

Katika miaka ya 1920, wilaya iliyoitwa South Kavirondo ilikuwa na makao yake makuu mji huu wetu wa Kisii. Ilijumuisha Wagusii, Wajaluo na Wakuria. Daktari mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, alifanya kazi kwenye eneo hilo kama miaka miwili, kisha mwaka 1929 akachapisha alichokiona katika jarida la matibabu la The Lancet. Aliandika kwamba kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini, hakuona hata mmoja mwenye presha ya juu. Soma hiyo tena. Hata mmoja.

Akaenda mbele. Akapima watu 1,000. Akagundua kwamba hadi umri wa miaka 40 hivi, presha zao zilifanana na za Wazungu. Baada ya hapo njia zikatengana. Ya Wazungu iliendelea kupanda kadiri wanavyozeeka. Ya watu wa huku ilielekea kushuka.

Sasa mrudie yule mzee jirani yetu. "Ni uzee tu." Kama presha ingekuwa kodi ambayo kila mzee lazima alipe, wazee wa 1929 wangeilipa pia. Walikuwa na mishipa kama yetu. Baadhi yao ni babu wa babu zetu, damu ile ile. Kwa hivyo hata lile neno la "kwetu ni ya ukoo" tuliseme polepole. Ukoo unaweza kukuweka karibu na presha, hilo ni kweli. Lakini ukoo haubadiliki katika miaka mia moja, na presha imebadilika.

Najua kuna mtu tayari anaandika, "Si tulisema! Wazee walikula vizuri, turudi kwa maisha ya zamani." Ngoja kidogo, rafiki. Usiifanye 1929 kuwa paradiso. Watoto wengi walikufa kwa malaria na surua. Wengi hawakufika umri wa kupata magonjwa ya moyo. Umri wenyewe ulikuwa wa kukisia, maana nani alikuwa na cheti cha kuzaliwa? Na wapo waliosoma taarifa kama hizo wakahitimisha kwamba Mwafrika ni mwili wa aina nyingine usiopata presha. Huo ulikuwa uongo. Donnison mwenyewe aliona lawama iko kwenye maisha ya kisasa, na mwaka 1937 akatoa kitabu kizima kuhusu ustaarabu na magonjwa.

Swali lililobaki lilikuwa hili: ni nini hasa kwenye maisha hayo? Hapo Kenya ikawa darasa la dunia tena.

Miaka ya 1960, daktari A. G. Shaper, aliyekuwa akifanya kazi Chuo Kikuu cha Makerere, aliwapima Wasamburu, watu wa maziwa na nyama wanaotembea kutwa nzima. Presha zao zilikuwa chini. Kisha yeye na wenzake wakafuatilia morani wa Samburu walioandikwa jeshini. Mwaka 1969 wakaandika kwamba mwili na presha ya vijana hao vilibadilika walipokuwa wakila chakula cha kambini, chenye chumvi kuliko cha nyumbani. Mtu ni yule yule, ukoo ni ule ule. Kilichobadilika ni sahani na namna ya kuishi.

Mwaka 1988 ukatoka utafiti mkubwa ulioitwa INTERSALT, uliopima chumvi kwenye mkojo wa watu zaidi ya 10,000 katika vituo 52 duniani. Vituo vinne vilikuwa na chumvi kidogo kuliko vingine vyote: viwili vya Wahindi wa msituni Brazili, kimoja cha Papua New Guinea, na kimoja cha mashambani magharibi mwa Kenya, kwa majirani zetu Wajaluo. Katika vituo hivyo vinne, presha ilikuwa chini na haikupanda na umri kama kwingine.

Halafu mwaka 1990 ukaja ule ambao ningependa kila kijana aliyewahi kupanda basi la usiku kwenda Nairobi ausikie. Daktari Neil Poulter na wenzake waliwafuata Wajaluo waliohama kutoka vijijini kando ya ziwa kwenda Nairobi kutafuta kazi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Hawakungoja miaka ishirini. Ndani ya miezi michache tu ya kufika mjini, presha ya waliohama ilikuwa juu kuliko ya waliobaki. Mkojo wao ulionyesha sababu moja kubwa: sodiamu, ambayo ndiyo chumvi, ilikuwa imepanda ikilinganishwa na potasiamu, ambayo tunaipata kwenye mboga, matunda, ndizi na maharagwe.

Acha nieleze kwa lugha ya jikoni. Chumvi ikizidi mwilini, mwili unashikilia maji ili kuizimua. Maji yakiongezeka kwenye mishipa, moyo unasukuma mzigo mzito zaidi, kama pampu iliyofungiwa mpira mwembamba. Potasiamu husaidia figo kuitoa chumvi nje na kuilegeza mishipa. Kwa hivyo ukiongeza chumvi huku ukipunguza mboga, umejiumiza mara mbili. Fanya hivyo miaka thelathini, mishipa inakakamaa, halafu ukifika sitini unaambiwa ni uzee.

Zamani tulikuwa tunaifuata Nairobi. Siku hizi Nairobi imetufuata nyumbani. Simama stendi ya Kisii saa kumi na moja jioni uangalie watu wanakula nini. Chipsi zilizomwagiwa chumvi hadi inang'aa. Smoki na kachumbari, na hiyo kachumbari ina chumvi yake. Mandazi, chapo, soda. Ukirudi nyumbani, mchuzi unawekwa chumvi, halafu kile kiungo cha pakiti ambacho nacho kimejaa chumvi, halafu kopo la chumvi linakaa mezani kama mgeni wa heshima. Na magadi tunayoweka kulainisha mboga na maharagwe? Hayo nayo ni sodiamu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, kikiwa kimehesabu kila kitu. Wengine wetu tunaimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Kinachoniuma ni kwamba sisi tumekaa juu ya dawa ya jikoni tukiidharau. Gusii ni nchi ya ndizi. Parachichi zinaoza chini ya miti. Chinsaga, rinagu na risosa zinaota hadi nyuma ya choo. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miaka mingi kutafiti mboga hizi za kienyeji, wakati wengi wakiziona kama magugu na chakula cha maskini. Sisi tunapakia ndizi kwenye lori ziende Nairobi, kisha tunatumia pesa hizo kununua mkate na soseji. Mgeni akija, unaona aibu kumwekea obokima bwa wimbi na chinsaga. Unamtuma mtoto dukani akimbie kununua soda.

Hapa ndipo ningekosea mara ya pili kama ningesimama. Maana mtu atasema, "Kumbe ni chakula! Basi mimi naacha vidonge." Hapana. Hapo ndipo nilipomwangusha Magokoro.

Chakula kina nguvu, na nguvu yake imepimwa. Mwaka 1997 watafiti Marekani walitoa matokeo ya jaribio la DASH. Watu 459 walipikiwa na kulishwa vyakula vilivyopangwa. Kundi lililokula matunda mengi, mboga nyingi na maziwa yasiyo na mafuta mengi lilishusha presha, na kwa wale waliokuwa na presha ya juu, namba ya juu ilishuka kwa takriban 11. Ni kazi nzuri sana. Lakini piga hesabu na mimi: Magokoro alikuwa 198. Toa 11. Bado ni 187. Bado yuko hatarini. Chinsaga inamsaidia, na kidonge kinamsaidia. Hakuna ugomvi kati yao. Ugomvi niliuleta mimi, kwa kumfanya achague.

Kuna na habari njema kwa wanaosema wazee washachelewa. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo kutoka vijiji 600 vya Uchina. Karibu watu 21,000, wengine walioshawahi kupata kiharusi, wengine wenye miaka 60 na zaidi na presha ya juu. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa ya potasiamu badala ya sodiamu. Baada ya karibu miaka mitano, viharusi vilipungua kwa asilimia 14. Hawa walikuwa wazee wa kijijini wanaojipikia wenyewe, kama wetu. Angalizo: chumvi ya aina hiyo inaweza kumdhuru mtu mwenye ugonjwa wa figo au anayemeza dawa fulani, kwa hivyo uliza daktari kwanza. Usifanye vile nilivyofanya na kitunguu saumu.

Sasa, yote haya hayana maana kama hujui namba yako. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015, ule wa STEPwise, uliwapima Wakenya wa miaka 18 hadi 69. Karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu. Zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata siku moja maishani. Na asilimia 94 hawakuwa wakila matunda na mboga za kutosha. Presha haiwashi, haiumi, haina harufu. Utasikia vizuri kabisa hadi siku kikombe kinaponyoka.

Kupimwa kumekuwa rahisi kuliko tunavyojifanya. Tangu Septemba 2023 serikali ilipowazindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchi nzima, mikoba yao ilitolewa ikiwa na mashine ya presha ndani. Kijijini kwenu kuna mmoja. Unamjua. Huenda ni yule mnayemwita tu kwa mambo ya watoto na kina mama wajawazito. Mwite apime wazee. Kama mashine yake imeharibika au betri zimeisha na hakuna aliyembadilishia, hiyo ni habari ya kumpelekea mwakilishi wa wadi, na mimi niko tayari kuichapa hapa. Tunawauliza wanasiasa kuhusu barabara kila siku. Hebu tuwaulize pia kwa nini mzee anatembea hadi zahanati na kuambiwa vidonge vya presha vimeisha akanunue kwa duka la dawa. Mtu wa kibarua cha majani chai atakinunua mwezi wa kwanza, wa pili atagawanya nusu, wa tatu ataacha. Huyo hakukataa dawa, alishindwa nayo.

Nimeacha la uzito zaidi mwisho. Lile jina alilotaja yule mama uani.

Oktoba 2021, kule Marani hapa Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Nchi nzima iliona. Sisemi kisa kile kilianza na kiharusi. Ninasema tunaishi mahali ambapo ugonjwa usio na maelezo hutafutiwa omorogi, na omorogi karibu kila mara huwa mwanamke mzee anayeishi peke yake. Mzee anapoanguka ghafla, mdomo ukapinda, na hakuna aliyewahi kumpima, watu wanajaza pengo hilo kwa jina la jirani. Mzee mwingine anapoanza kusahau na kuzurura usiku, kwa sababu mishipa ya ubongo imeharibiwa na miaka ya presha, yeye mwenyewe ndiye anayeitwa mchawi. Kadi ya kliniki yenye namba sita zilizoandikwa kwa kalamu inaweza kumlinda aliyeugua, na kumlinda mwanamke wa nyumba ya pili.

Ninyi wenzangu tunaotengeneza video, nina neno moja kwenu. Tunajua kiafya kinauza. "Kunywa hii, sahau presha" itatazamwa kuliko "nenda kapimwe" siku zote. Lakini mtazamaji mmoja kati ya hao elfu ni nyanya ya mtu, na anakuamini. Kama hujui, kaa kimya. Kama unajua, sema pia ile sehemu isiyopendeza: usiache dawa bila kumwuliza aliyekuandikia.

Kwa wengine wote, kazi ni hii, na haihitaji pesa. Leo jioni piga simu nyumbani. Ukimaliza salamu na habari za ng'ombe na mvua, uliza: "Presha yako ni ngapi?" Ukiambiwa "niko tu sawa," hiyo si namba. Ikifika 140 kwa 90 zaidi ya mara moja, ni kliniki, usingoje Krismasi. Ukiona mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno yanaburuzika, ni hospitali saa hiyo hiyo, na maombi myafanye mkiwa njiani. Na wewe mwenye miaka 25 unayesoma huku ukila chipsi, jipime pia. Wazee wa 1929 walifika uzeeni na presha iliyotulia kwa sababu ya walivyoishi wakiwa na umri wako.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwa Magokoro. Anapika kwa mkono wa kushoto siku hizi. Nilipotaka kumwongezea chumvi kwenye rinagu, alinipiga kofi dogo mkononi. "Mochokoro," akaniambia, "wewe acha kunitibu. Nisomee tu hii kadi." Nikaisoma: 138 kwa 84. Akaniambia nisome tena.